Ushahidi Wangu Juu ya Kaa wa Bondeni

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Nakuona kabisa ukiitika marahaba huku umeshika karatasi mbali na uso, maana najua miwani bado hujanunua. Mama hajambo? Goti lake linamruhusu kuswali kwa kusimama, au bado anakaa kitini? Bamvua la mwezi huu halikuwang'oleeni vizimba? Nilisikia redioni maji yalikuwa makubwa upande wa Tanga na Mkinga, nikawaza vizimba vyenu vya kunenepeshea kaa, na wale akina mama wa kikundi wanaofunga kamba kama wanafunga mzigo wa kuni.

Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Baba Zainabu bado anachomelea makarasha, hizi mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na macho yake mekundu kila jioni, na miwani ya kazi bado anaivaa kichwani kama kofia. Zainabu yuko Shinyanga mjini anasomea ualimu. Mimi na chai yangu na vitumbua, pale pale karibu na mialo wanapooshea dhahabu. Mwaka wa kumi na moja sasa huku bara, dada, na bado wananiita Mama wa Pwani.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwa simu ningekata katikati. Jambo lenyewe linahusu kaa. Usicheke.

Kaa wa huku, dada, ni aibu ya ukoo wa kaa. Ukimwona utadhani kifungo cha koti kilichoota miguu. Hudhurungi kama tope, gando moja kubwa kidogo na jingine kama limesahauliwa, anaishi kwenye mashimo ya ukingo wa kijito huko bondeni. Wa kwetu akikushika kidole unaita watu. Huyu akikushika unamtikisa tu. Hakuna anayemla. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Mzee Luhende, ni mzee wa kanisa kwa Wasabato, anasema hana mapezi wala magamba ya samaki, basi ni najisi. Mimi simli kwa sababu marehemu baba alitukataza: anaishi majini na nchi kavu, alisema, achaneni naye, wauzieni wanaomtaka. Kwa hiyo mimi na Mzee Luhende, ambao hatujawahi kupatana juu ya siku ya ibada wala juu ya jambo lolote, kwa kaa tunapatana.

Wengine hata hawajui ni kitu gani. Hapo kwenye benchi langu la chai wachimbaji walibishana asubuhi nzima.

"Ni mdudu," mmoja akasema.

"Mdudu gani anaishi majini? Ni samaki."

"Samaki ana miguu kama yako? Huyu ni buibui aliyekosea njia."

Nikaweka birika chini. Nikawaambia, nyie mnachimba mita sitini chini ya ardhi na hamuwezi kuhesabu miguu. Mdudu ana sita, buibui ana minane, kaa ana kumi ukihesabu na magando. Samaki ana uti wa mgongo, kaa mifupa yake ameivaa nje kama shati. Ndugu yake ni kamba. Hata yule wa pwani anayetembea na gamba la kuazima mgongoni si kaa hasa, ni binamu wa mbali. Mmoja akasema, "Mama wa Pwani, wewe ulipaswa kuwa mwalimu." Nikajiona. Nikajiona sana, dada, na ndipo mambo yalipoanzia.

Nina jirani, Mama Kulwa, Msukuma wa hapa hapa, mama wa pacha, Kulwa na Doto, wanasoma darasa la pili. Ndiye aliyenipokea nilipofika, akanifundisha kupika michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akanipa maziwa mtindi wiki nzima nilipougua. Akipita mlangoni kwangu asubuhi ananiambia "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, nami namjibu vibaya kwa Kisukuma changu, anacheka. Shule hakuisoma sana. Mimi nami nimeishia la saba, lakini unajua jinsi mtu wa la saba anavyoweza kumdharau wa la nne. Tena nimekaa semina tatu za bwana samaki, nina cheti.

Mwishoni mwa kiangazi hiki Mama Kulwa akaanza kusema kwamba kaa wa bondeni wametoweka. Pale bondeni ndipo kilipo kisima chetu, chemchemi iliyojengewa mawe, maji matamu, kitongoji kizima tunachota hapo. Juu yake, kama mwendo wa kumaliza kitumbua, kuna mapipa makubwa ya saruji. Humo wanaloweka marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kuoshwa, wanautilia dawa ya sayanidi ili ikamue dhahabu iliyobaki. Mama Kulwa akasema dawa inashuka na kaa wamekufa. Akaacha kuchota bondeni. Akawa anakwenda kwenye pampu ya mkono ng'ambo ya shule, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi na ndoo kichwani. Mumewe akawa hapati uji kwa wakati, akanuna, watu wakaanza kusema mwanamke huyu ana lake huko njiani. Hata hivyo maneno yake yalienea, na wanawake wengine wawili watatu wakamfuata. Ndipo mwenye mapipa akamtuma mtu wake aje kuzungumza na wananchi.

Huyo mtu wanamwita Dokta. Si daktari wa watu wala wa ng'ombe. Ni msimamizi wa mapipa, anavaa miwani ya jua hata kivulini, na kila sentensi anaianza kwa neno "kisayansi". Wachimbaji wanasema hata mkewe anamwamkia kisayansi. Alikuja na karatasi yenye picha ya kaa, kaa wa baharini, dada, tena wa nchi za baridi, nilimtambua kwa miguu yake. Akaitundika kwenye ukuta wa ofisi ya kitongoji kama anatundika picha ya Rais.

"Kisayansi," akasema, "kaa ni mnyama asiye na uti wa mgongo. Ana miguu kumi. Ni jamii moja na kamba. Kaa jike akitaka kuzaa huhamia maji makubwa. Kwa hiyo hao kaa wenu hawajafa. Wamekwenda ziwani."

Alikuwa amesoma ukurasa mmoja tu kwenye simu, hilo lilionekana wazi. Lakini ule ukurasa ulikuwa na maneno yangu yale yale ya benchini, nami nikatikisa kichwa kukubali kabla sijafikiri. Akaniona. Akasema, "Tunaye hapa mama aliyekulia na kaa. Mama, hebu njoo mbele utuelimishe." Akavuta kiti cha plastiki, akakipangusa vumbi kwa leso yake mwenyewe, akanikalisha mbele ya wanaume. Kwa miaka kumi na moja, dada, hakuna aliyewahi kunivutia kiti katika mkutano wa kitongoji hiki. Sisi wanawake tunakaa chini, kwenye kanga zetu.

Nikasema. Nikaeleza vizuri, ungenisifu. Kwamba kwetu kaa jike akishapandwa huteremka kutoka mikokoni, anatoka hadi bahari kuu, huko anaachia mayai maelfu kwa maelfu, na watoto wanaozaliwa hata hawafanani na kaa, ni vidudu vyenye miiba na mkia vinavyoelea, hadi wabadilike mara kadhaa ndipo warudi na maji. Nikamalizia: hawa nao watakuwa wamekwenda ziwani, mvua zikikolea mtawaona.

Mama Kulwa akasimama kule nyuma. Alikuwa ameleta ungo, ndani yake kaa wakavu kama ishirini aliowaokota ukingoni. Akauliza, "Na hawa?"

Nikamjibu kutoka kitini, sikuinuka hata kwenda kuangalia. "Hayo ni magamba, Mama Kulwa. Kaa akikua nguo inambana, anaivua, anavaa mpya. Umeokota nguo kuukuu."

Watu wakacheka kidogo. Akasubiri wamalize. Akauliza tena, taratibu:

"Na madume? Nayo yamekwenda kuzaa?"

Dada, hapo sasa. Wewe unajua na mimi najua kwamba madume hayaendi. Wewe mwenyewe umeyageuza tumboni maelfu, dume kifuniko chake chembamba kama ncha ya mshale, jike kipana kama kipepeo cha kupepea jiko, na madume yanabaki mikokoni mwaka mzima. Nilijua. Jibu lilikuwa kinywani. Lakini watu wote walikuwa wananitazama mimi, na Dokta alikuwa anatabasamu, na nilikuwa nimekaa kwenye kiti.

Nikasema, "Dume la kaa linamfuata mke wake safarini, Mama Kulwa. Si kama waume wa huku."

Mkutano ukalala kwa kicheko. Mzee Luhende mwenyewe alifuta machozi. Baba Kulwa hakucheka, alitazama chini, kisha akamtazama mkewe. Nikamwona akimwambia neno moja sikioni. Siku ya pili yake nikamwona Mama Kulwa akiteremka bondeni na ndoo. Hakupita mlangoni kwangu.

Kwa siku tisa hakupita mlangoni kwangu. Nami unanijua, badala ya kumwendea nikazidi kumdharau. Nikasema moyoni, mwanamke wa ng'ombe na pamba atanifundisha mimi kaa? Chai nikaendelea kupika kwa maji ya bondeni, na nikawatangazia wateja kwamba ni ya bondeni. Dokta akawa anakuja kunywa chai benchini kwangu, anaagiza vitumbua, anasema, "Mama yangu wa sayansi." Sasa nikikumbuka natamani kummwagia birika.

Siku ya kumi Kulwa na Doto hawakwenda shule. Mtu akaniambia tu kwa kupita, wanaumwa kichwa na tumbo, wote wawili. Nikajiambia ni homa, watoto wa huku hawakosi homa. Nikaswali adhuhuri. Niliposujudu, dada, sikuweza kuinuka upesi, maana lile la madume lilinijia lote, na kicheko chake chote. Nikaona kwamba nimetoa ushahidi mbele ya watu juu ya kitu nisichokijua, na nimetia ndani yake kitu ninachojua kuwa ni uongo, kwa ajili ya kiti cha plastiki. Utamsomea Mama sehemu hii au utairuka, hiari yako.

Hata hivyo sikwenda kwao. Bado nilikuwa nataka kuwa sahihi. Nikachukua kipande cha waya mnene kwenye karakana ya shemeji yako, nikakikunja ncha kama zile kulabu zetu za kutolea kaa mashimoni, nikashuka bondeni. Nilitaka nikute mashimo matupu. Matupu yangekuwa na maana wamehama, na ningelala.

Shimo la kwanza, tupu. La pili kulabu ikagusa kitu, nikavuta: dume, limekufa, miguu inachomoka. La tatu nikavuta jike. Alikuwa amelowa bado, ananuka. Nikamgeuza tumboni kama nilivyogeuza wote maishani, kifuniko kipana, nikakifungua kwa kucha nione kama ana mayai.

Hayakuwa mayai. Walikuwa kaa. Dada, kaa kamili, wadogo kama punje za mtama, kila mmoja na miguu yake kumi, hata magando unayaona, wameng'ang'ania tumbo la mama yao, wote wamekufa. Nilihesabu hadi thelathini nikaacha. Hakuna mkia, hakuna miiba, hakuna cha kuelea. Huyu kaa niliyemwita kifungo cha koti haendi bahari yoyote wala ziwa lolote. Anazaa wachache, anawalea mwenyewe chini ya tumbo lake hadi waweze kutembea, hapo hapo shimoni. Angewapeleka wapi? Ziwa liko mbali kiasi cha nusu siku kwa basi. Hata hilo sikulifikiria, mimi na semina zangu tatu. Kaa mwenye ukubwa wa kifungo, nusu siku kwa basi, kwa miguu, upande upande.

Nikaokota na "magamba" yaliyobaki ukingoni, kama yale ya ungo wa Mama Kulwa. Gamba la kujivua, unalijua, ni jepesi, limepasuka nyuma tu, safi ndani. Haya yalikuwa mazito, yana nyama iliyokauka, yana harufu. Mtoto wa kikundi chenu angejua kwa kuyainua tu. Mimi sikuinuka kitini.

Nikawatia wote kwenye kopo la maziwa, nikaenda kwa Mama Kulwa. Nilimkuta uani anachambua pamba. Pacha wamelala kwenye mkeka kivulini, macho wazi. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikaweka kopo mbele yake, nikamfungulia yule jike.

Akainama kumtazama. Akasema, "Wabebaji. Sisi tangu utoto tunawaita wabebaji. Mvua zikianza ukimgeuza utawakuta."

"Ulijua?"

"Nani asiyejua? Tulikuwa tunacheza nao."

"Sasa kwa nini hukusema, Mama Kulwa?"

Akaendelea na pamba. "Nilikuwa naanza kusema. Mkacheka."

Nikakaa chini. Nikamwambia lile la madume nilijua si kweli. Akachomoa mbegu kwenye pamba. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Hilo ndilo lililonirudisha kisimani. Baba Kulwa alisema, mwanamke mwenzako wa Pwani amesema, wewe ni nani? Mimi ningeweza kubishana na Dokta. Na wewe nilishindwa."

Nikawatazama watoto. Nikamwuliza wamekunywa nini leo. "Maji ya bondeni," akasema. "Unayoyajua." Nikachukua mtungi wake, nikaumwaga pale pale uani, nikabeba ndoo yake hadi pampu ng'ambo ya shule. Aliniacha niende.

Jioni ile ile nikamwendea Mzee Luhende kutaka mkutano. Akaniambia, "Mama Zainabu, ushahidi ulishautoa." Nikamwambia nataka kuukana. Akasema kwa Sabato hawezi, na ilikuwa Ijumaa, jua linakaribia kuzama. Tukasubiri hadi Jumapili. Walioniudhi kuliko wote walikuwa wale wachimbaji wa benchini. "Mama wa Pwani, wamerudi kutoka ziwani? Wamekuletea zawadi?" Nikawamiminia chai ya maji ya pampu, nikawaambia mtaelewa.

Jumapili nilikaa chini kwenye kanga yangu. Nikainuka, nikasema: nililosema siku ile juu ya kaa wa kwetu ni kweli, juu ya hawa wa kwenu sikujua, na lile la madume nilisema ili mcheke. Nikazungusha kopo. Wanaume wakubwa wakaziba pua. Dokta akavua miwani kwa mara ya kwanza, macho yake madogo kama ya kaa mwenyewe.

"Kisayansi, kaa mmoja kafa, tunaitisha mkutano?"

"Wawili," nikasema, "na watoto zaidi ya thelathini, na ungo mzima wa Mama Kulwa."

"Kaa hufa. Kuna joto. Kuna uzee."

"Mtoto wa ukubwa wa punje ya mtama kafa kwa uzee?"

Wakacheka, safari hii kwangu hakukuwa na raha. Baba Kulwa akasimama, akauliza jambo la haki: "Wiki ile ulisema hivi, leo unasema vile. Tushike lipi?" Nikamjibu, msishike langu lolote. Waulizeni kaa wenyewe.

Basi tukafanya kazi ninayoijua. Nilisuka vizimba viwili vya matete, vidogo, mtindo ule ule wetu wa fito za mkoko. Shemeji yako alitaka kunichomelea vya chuma, nikakataa, Dokta angesema ni kutu. Mama Kulwa ndiye aliyejua kijito cha nyuma ya kilima ambako kaa bado wapo, akaenda yeye, akarudi na sita. Nikawageuza mbele ya mkutano, madume mawili na jike mmoja kila kizimba, ili mtu asije kuniuliza tena habari za safari. Kimoja kwenye maji ya kisima, kina kifupi ili wapate na hewa, kingine kwenye karai la maji ya pampu, pembeni yake, kivuli kile kile. Mzee Luhende akafunga milango yote miwili kwa kamba za viatu vyake, akaenda nyumbani viatu vikimpwaya.

"Wakifa," Dokta akasema, "watakuwa wamekufa kwa mawazo ya kufungwa."

"Basi wa karaini nao wafe," Mama Kulwa akamjibu. "Au wao hawana mawazo?"

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, tulikwenda wote, kulikuwa kumeshapambazuka. Wa karaini walikuwa hai wote watatu, mmoja amepanda juu ya mwenzake anatafuta njia ya kutoka. Wa kisimani walikuwa wamelala chali. Mzee Luhende akafungua kamba zake, akambonyeza mmoja kwa kijiti, mguu ukaachia. Wanawake waliokwisha kuchota wakamwaga ndoo zao pale pale njiani, moja baada ya nyingine. Baba Kulwa akakata miiba, akaziba kisima mwenyewe.

Dokta hakuwepo. Alikuwa ameondoka mapema kwenda Geita, kikazi. Amerudi baada ya siku tatu na maelezo mapya: kisayansi, kaa wa kijito kimoja hawezi kuzoea kijito kingine. Huyu mtu, dada, ukimwonyesha nyumba inaungua atakuambia ni mwanga. Watu wa wilaya wamekuja na chupa, wamechukua maji, wakaagiza mapipa yasimame hadi majibu yatoke. Majibu bado. Mapipa yamefunikwa turubai na Dokta anakaa kando yake na miwani yake, analinda nini sijui. Benchini kwangu hanywi tena, na akija nitamuuzia, maana chai ni chai, lakini kiti atajifutia.

Kulwa na Doto walipelekwa Kahama hospitali. Daktari aliwapima, akasema wanaonekana wazima, wakitapika au wakizimia warudishwe mara moja. Kichwa kimepoa tangu waache yale maji. Wamerudi shule. Lakini siku tisa walikunywa kwa ulimi wangu, na hakuna chupa ya wilaya itakayonieleza kilichobaki ndani yao. Kila asubuhi wakipita nawahesabu hatua. Niombeeni, na muwaombee.

Baba Kulwa sasa anachota maji kwa baiskeli, madumu manne, na anamletea mkewe hadi mlangoni, watu wanamtania kwa hilo. Mama Kulwa hakuniambia amenisamehe na mimi sikumwuliza. Ila juzi Alhamisi, wateja walipokwisha kutawanyika, alikuja akakaa benchini, mwisho kabisa. Nikashika birika. Akanizuia kwa mkono.

"Maji ya wapi, mayu?"

"Ya pampu. Nimeyabeba mwenyewe alfajiri."

Akaniangalia kichwani, pale kata ya kubebea ndoo iliponisugua hadi nywele zikalala. Akasogeza kikombe.

Nisalimie Mama, umbusu mikono yote miwili. Msalimie shemeji wa hapo nyumbani, na kaka Athumani mvuvi, mwambie wifi nimepata ujumbe wake wa harusi. Shangazi wa Moa asilie, nitakuja. Watoto wote nao, mmoja mmoja kwa jina. Na akina mama wa kikundi, waambie wakiulizwa kuhusu kaa wasiowajua waseme hawajui, haiumi kama nilivyodhani. Barua hii anaileta dereva wa lori la mchele, mpe chakula kabla hajaondoka.

Mungu akulinde, dada yangu, na akupe maji safi.

Mimi mdogo wako,
Mama Zainabu